Kuwasikiliza Waliojeruhiwa Wangali Hai

Katika nchi ya Wanyakyusa, tangu miteremko ya Rungwe hadi tambarare za Kyela zinazoishia Mwaya kwenye Ziwa Nyasa, mfiwa wa zamani alifagiliwa takataka. Siku za matanga ndugu walizoa uchafu wa nyumba wakausukuma hadi pale alipoketi, naye akaupokea. Wazee hawakuona ajabu. Ulikuwa uchafu wa kifo, na kwao ilikuwa heri uje siku hizo, watu wakiwapo, kuliko umvizie mtu baadaye akiwa peke yake na kumtia wazimu. Siku zake zikitimia, mfiwa aliogeshwa, akanyolewa nywele, akarudi shambani na barazani kama watu wengine. Aliyehofiwa ni yule aliyeziruka mila hizo.

Aliyeyaandika haya kwa kirefu ni Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe, Godfrey Wilson, katika miaka ya 1934 hadi 1938. Kitabu chake kinachoeleza mazishi ya Wanyakyusa, Rituals of Kinship among the Nyakyusa, kilitoka mwaka 1957. Kabla ya hapo, mwaka 1944, Godfrey alijiua akiwa jeshini, akamwachia mkewe wana wawili wadogo. Kwa hiyo mambo ya namna wafiwa wanavyookolewa na wazimu yaliandikwa na mjane, kutoka katika madaftari aliyoyajaza pamoja na marehemu. Anayelijua hilo hawezi kukisoma kitabu chake kama orodha ya mila tu.

Wilson aliona mambo mengine mawili. La kwanza, marehemu alifukuzwa kwanza kutoka katika ndoto za jamaa zake, kisha akaitwa arudi, apate mahali pake karibu na meko akiwa mzee wa ukoo. Hakuachwa azurure nje. La pili, hasira. Kwa Wanyakyusa hasira iliyofichwa moyoni ilikuwa sumu ya ukoo mzima: mtoto angeweza kuugua kwa sababu baba zake wadogo wamenuniana. Tambiko halikufaa kitu mpaka kila mwenye kinyongo akitamke mbele ya wenzake, kisha apulize maji kutoka kinywani kuonyesha kwamba kimetoka. Kusamehe kimoyomoyo hakukutosha.

Wakati huo hakuna aliyeyaita mambo haya tiba ya akili. Miaka hamsini baadaye, huko Chicago, Marekani, mtaalamu wa tiba ya familia aitwaye Richard Schwartz alifika mahali panapofanana nayo kwa njia yake. Miaka ya 1980 alikuwa akiwatibu vijana waliokuwa wakila kupita kiasi kisha wakijitapisha. Walipoeleza yanayowasibu, walisema habari za watu wengi ndani ya mtu mmoja: mmoja anawalazimisha kula, mwingine anawatukana kwa kula, na wa tatu, mdogo, analia. Schwartz alijaribu kwanza kuwasaidia kumshinda yule mkorofi. Mambo yakaharibika. Amesimulia habari za binti aliyekuwa akijikata, ambaye ile sehemu yake ya kujikata ilibanwa ndani ya kikao mpaka ikaahidi kuacha. Wiki iliyofuata binti alirudi na jeraha usoni. Hapo daktari akaacha kushindana nayo. Akaiuliza kwa nini inafanya hivyo, nayo ikaeleza kwamba ilianza kazi hiyo zamani, kumwokoa binti na maumivu makubwa zaidi.

Kutokana na hayo ilizaliwa tiba ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa tiba ya sehemu za nafsi. Schwartz aliieleza katika kitabu cha mwaka 1995, na kingine cha mwaka 2021 kikaifikisha kwa wasomaji wa kawaida. Msingi wake ni kwamba nafsi ya kila mtu mzima wa akili ina sehemu nyingi, kama nyumba yenye jamaa wengi. Wapo wasimamizi, ambao kazi yao ni kuhakikisha aibu na maumivu ya zamani hayatokei tena: hupanga, hukosoa, hufoka, hutaka sifa. Wapo wazimamoto, ambao huitika maumivu yakishatokea na kuyazima kwa chochote kilicho karibu, iwe pombe, ngono, ugomvi au usingizi. Na wapo waliofungiwa chumba cha nyuma, kwa kawaida watoto, waliobeba hofu au aibu ya siku ile mtu alipoumizwa. Juu ya wote yupo mwenye nyumba, nafsi yenyewe, yenye utulivu na huruma, ambayo hakuna kipigo kinachoiua. Tiba ni kumsaidia mwenye nyumba akae na jamaa zake mmoja mmoja, awasikilize, mpaka waliofungiwa watoke.

Tuseme yupo mvuvi wa Mwaya, mtu wa miaka 40. Ni mfano wa kutunga, lakini mwambao wote huu unawajua watu wa namna yake. Alipokuwa na miaka 12 mtumbwi ulipinduka usiku; kaka yake akazama, yeye akaokolewa. Msiba ulifanywa kama inavyopasa: wanaume wakachimba kaburi, kina mama wakapika, michango ikaandikwa daftarini. Mtoto akaambiwa anyamaze asimwongezee mama uchungu, naye akanyamaza. Leo ana mke na watoto wanne. Ipo sehemu yake inayokagua nyavu na mawingu mara kumi, inayowafokea watoto wakisogelea maji. Majirani wanamsifu kuwa mtu makini. Ipo nyingine inayomwinua kila jioni upepo unapoanza kuvuma na kumpeleka kwenye kilabu cha kimpumu. Kwa hilo majirani wanamsengenya. Nyuma ya hizo mbili yumo mtoto wa miaka 12 ambaye bado yuko majini, bado anaamini kwamba angekaza mkono zaidi kaka yake asingezama.

Mshauri anayeijua kazi hii, mama mtu mzima, hamwambii aache pombe.

"Mwanangu, huyo anayekupeleka kilabuni tusimtukane leo. Muulize tu, anaogopa nini asipokupeleka?"

Mwanamume anakaa kimya, macho sakafuni. "Anasema nikilala bila kunywa nitamsikia kaka akiniita."

"Amekulinda na sauti hiyo muda gani?"

"Zaidi ya miaka ishirini, mama."

"Basi mshukuru kwanza. Halafu muombe ruhusa tumfikie mtoto."

Hiyo ruhusa ndiyo kanuni kubwa ya kazi yenyewe. Mtoto hafikiwi kwa kuvunja mlango, kwa sababu walinzi wake watakuja juu usiku huohuo na mtu atalewa maradufu. Wakikubali, mtu mzima, katika mawazo yake na kwa msaada wa mshauri, anamwendea mtoto pale alipokwama, anamtoa, anamsikiliza yote ambayo siku ya msiba hakuulizwa, na mwishowe mtoto anautua mzigo wa hatia aliokuwa ameubeba. Katika tiba hii kuna desturi ya kumwalika mtu aukabidhi mzigo huo kwa maji, moto, ardhi au upepo. Kwa mvuvi huyu maji yasingefaa hata kidogo, na mama wa Mwaya atalijua hilo bila kuambiwa na mkufunzi yeyote. Hapo ndipo mtu wa mahali anapomzidi mgeni mwenye shahada tatu.

Kwa msomaji wa dini, habari hizi si mpya kama zinavyosikika. Qur'ani inaitaja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia. Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi, anamwonyesha mtu anayelitenda lile lile asilolipenda. Madaktari wa vita nao waliliona. Charles Myers, Mwingereza aliyewatibu askari wa Vita Kuu ya Kwanza nchini Ufaransa, alieleza baadaye kwamba askari aliyepata kiwewe alikuwa kama watu wawili: mmoja anaonekana mzima, anakula na kutii amri, wa pili bado yuko vitani, anatetemeka. Vita hiyohiyo ilipiganwa kwenye ziwa hili mapema kabisa. Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliharibiwa na Waingereza ikiwa pwani, Septemba wakapigana na Wajerumani huko Karonga, na mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yakaingia nchi ya Wanyakyusa yakitokea kusini. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu. Hawakupata Myers wao. Walionusurika walirudi kulima, na kilichobaki ndani yao walikirithi watoto waliolala nao nyumba moja.

Majeraha ya leo kwa sehemu kubwa hayatoki vitani. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walipata ukatili wa kimwili. Wote walioulizwa wakati ule leo ni watu wazima. Wengine ni walimu wenye fimbo mkononi, wengine ni kina mama wanaoshtuka mume akigusa bega kwa ghafla. Kwa watu hao hakuna matanga. Hakuna turubai, hakuna daftari la michango, hakuna ndugu anayesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kukaa nao chini. Jamii inayoweza kumzunguka mfiwa kwa siku kadhaa bila kuchoka humwambia aliyebakwa utotoni kwamba yamepita, asahau.

Hili ndilo pengo. Mwaya, kama sehemu nyingine nyingi za Tanzania, ina ustadi mkubwa wa kuwatibu walioachwa na kifo na ina ustadi mdogo sana wa kuwatibu walioumizwa na walio hai. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko Dodoma. Hospitali ya rufaa iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka ziwani, kwa nauli ambayo mkulima wa mpunga huifikiria mara mbili hata kwa ugonjwa wa kutoka damu. Nani atapanda basi kwa sababu moyo wake unagombana wenyewe kwa wenyewe?

Jibu ni kuileta tiba kijijini, mikononi mwa watu waliopo, na Afrika Mashariki imeshaonyesha kwamba inawezekana. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wenzao, katika utafiti wa watu 277 kutoka Rwanda na Somalia waliokuwa na kiwewe. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: kati ya waliosaidiwa kuisimulia historia ya maisha yao kwa mpangilio, karibu asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa huo walipofuatiliwa baadaye; kwa waliofuatiliwa bila tiba ilikuwa asilimia 37. Mashariki mwa Kongo wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wahudumu wao wakiwa wasaidizi wa kijamii wenye elimu ya kawaida tu. Miezi sita baada ya tiba ya makundi, asilimia 9 ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, ikilinganishwa na asilimia 42 ya waliopata usaidizi wa mtu mmoja mmoja bila tiba hiyo. Na Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 waliingizwa katika utafiti wa ushauri wa makundi ulioongozwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili. Matokeo yalitoka mwaka 2020: katika maeneo matatu kati ya manne, walioshiriki makundi hayo walipata nafuu kuwazidi wenzao.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa tiba ya sehemu za nafsi, na msomaji anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Ushahidi wa tiba ya Schwartz ungali mdogo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 79 wa baridi yabisi waliogawanywa makundi mawili. Waliopata tiba hiyo walipungukiwa maumivu na walijihurumia zaidi. Mwaka 2021 ukatoka mwingine, wa watu wazima 17 walioumizwa mara nyingi utotoni, waliopewa vikao 16. Wengi walipona kiwewe, lakini hakukuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Watu 17 ni wachache mno kuamulia jambo kubwa. Umaarufu wa tiba hii huko Marekani umekimbia kuliko utafiti wake, na anayeiuza kama dawa ya kila kitu anawakosea wagonjwa.

Kinachofaa kuchukuliwa ni tabia yake ya msingi: kutomfukuza yeyote kabla hajasikilizwa. Tabia hiyo inaweza kutiwa ndani ya tiba zilizopimwa, na huku ziwani inahitajika kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kinachofanyika mara nyingi ni kinyume chake. Mwanamke anapoeleza kwamba kuna kitu ndani yake kinamzuia kulala na mumewe, au kinamwamuru akimbie, anapelekwa kukemewa. Kitu hicho kinapigiwa kelele usiku kucha na kuamriwa kitoke. Mara nyingine anatulia wiki mbili. Kisha kinarudi, naye anaongezewa lawama ya imani haba. Lakini kilichokemewa huenda kilikuwa ni yule msichana wa miaka tisa, aliyepata mtu wa kumsikia kwa mara ya kwanza, akajibiwa kwa kufukuzwa. Mchungaji anayewapenda kondoo wake ana haki ya kuomba, na maombi yanawapa watu nguvu halisi. Lakini kabla ya kukemea aulize: kilianza lini, ulikuwa na umri gani, nani alikuwepo? Maswali hayo hayapingani na Injili.

Wala si busara kuyapamba ya kale kupita kiasi. Wanyakyusa haohao waliojua kuitoa hasira hadharani waliamini kuwa mchawi hubeba chatu tumboni, na walinzi wa kijiji waliaminiwa kuwa na nguvu za namna hiyohiyo, wakizitumia kulinda. Mawazo kwamba kitu kimoja cha ndani huweza kudhuru na kulinda ni ya kina sana, na Schwartz angeyaelewa mara moja. Lakini imani hiyohiyo iliwanywesha watu mwafi, sumu ya kupima nani ni mchawi. Kwa hiyo mshauri atakayefanya kazi Mwaya anapaswa kuchagua maneno. Akisema hovyo kwamba ndani ya mtu kuna watu wengi, kesho yake majirani wanaweza kusema mgonjwa ana mashetani, au mbaya zaidi, kwamba ni mchawi. Aseme sehemu ya moyo wako, upande wako unaoogopa. Kila mtu anajua maana yake. Na ajue mpaka wa kazi yake. Anayesikia sauti masikioni wakati hakuna anayeongea, anayeona visivyoonekana na wengine, asiyelala siku nyingi, au anayepanga kujiua, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, apate daktari na dawa.

Kyela haianzi bila kitu. Kanisa la Moravian na wamisionari wa Kilutheri walifika nchi ya Wanyakyusa tangu 1891, na leo vikundi vya kina mama wa makanisa vinafika nyumba ambazo hakuna gari la serikali linalofika, hasa masika mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo inapofurika na njia kukatika. Wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Yupo afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Wapo wazee ambao bado wanajua kuwaketisha chini ndugu waliogombana na kumpa kila mmoja nafasi ya kutoa kilicho moyoni. Hawa wanahitaji mafunzo ya kutosha, msimamizi kutoka Mbeya wa kuwafuatilia kila mwezi, chumba chenye mlango unaofungwa kwenye zahanati, na sheria kali ya kutotoa siri. Hili la mwisho ni kubwa kuliko mengine, kwa kuwa kijijini siri ikivuja mara moja hakuna atakayerudi tena kusema.

Halmashauri ya Wilaya ya Kyela iweke jambo hili katika bajeti ya afya kama inavyoweka chanjo na malaria. Makanisa na misikiti yakubali wahudumu wao wafundishwe pamoja, maana majeraha hayabagui dhehebu. Na wewe unayesoma, ikiwa unajua kwamba kuna upande wako unaobomoa kila unachojenga, usianze kwa kuuchukia. Nenda zahanati iliyo karibu nawe, mwambie mhudumu kwamba unahitaji mtu wa kuzungumza naye, na asipokuwepo hapo, omba rufaa. Ni haki yako, sawa na anayeumwa tumbo.